Maombi ya Kuandikishwa Kuwa Kuku wa Mayai

Leonsia Florian,
Kidato cha Pili,
Mkolani,
Mwanza.

Jumapili, 8 Juni 2025

Ndugu Nkwabi,
Afisa Mifugo,
Mkolani.

Shikamoo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua rasmi haiwekwi shikamoo. Lakini wewe ni mkubwa wangu, na ukija nyumbani huwa nakuamkia kabla hujashuka kwenye pikipiki, kwa hiyo nimeiweka hapo juu peke yake. Barua rasmi inaanza sasa.

YAH: MAOMBI YA KUANDIKISHWA KUWA KUKU WA MAYAI KATIKA BANDA LA BWANA FLORIAN

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni binti wa kwanza wa Bwana Florian, mpima viwanja. Unanifahamu, kwa sababu ndimi ninayekushikia kuku unapowachanja. Kwa heshima kubwa naomba uniandikishe katika orodha ya mifugo unayoihudumia, kama kuku wa mayai, kuanzia Alhamisi utakapokuja kutukagua. Naomba usidhani ni utani. Nimelifikiria jambo hili tangu Pasaka na sijaona njia nyingine.

Huenda ukajiuliza kwa nini sikumwandikia Baba mwenyewe. Baba ni mtu wa vipimo. Kitu ambacho hakijapimwa na mtaalamu kwake ni maneno ya kijiweni. Nesi wa kliniki alimwambia, mimi nikiwepo, kwamba Mama ale dagaa, mboga za majani na ugali wa dona, wa mahindi yasiyokobolewa. Baba alisikiliza kwa adabu, akashukuru, na tulipofika nyumbani akasema yule nesi anamwambia kila mtu maneno yale yale. Lakini wewe ulipoandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya chakula cha kuku, pumba kiasi gani, mashudu kiasi gani, dagaa, chokaa, mifupa na chumvi kiasi gani, Baba alinunua mizani siku hiyo hiyo. Mvua ilipotaka kuyafuta maandishi yako, aliyafuatisha kwa rangi ya mafuta, na mwandiko ni wako kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba katika nyumba yetu, anayetaka kulishwa vizuri inampasa kwanza awe chini ya mamlaka yako.

Jambo lenyewe ni Mama. Mama ni mjamzito na anatarajia kujifungua mwezi wa nane. Kliniki walimpima wingi wa damu wakakuta tisa, wakati inatakiwa angalau kumi na moja. Nesi alimvuta kope la chini, akaangalia ndani ya jicho, akasema panatakiwa kuwa pekundu na hapa ni peupe. Alisema damu isipopanda, Mama hataweza kujifungulia hapa karibu. Atapelekwa hospitali kubwa, na Baba aanze mapema kutafuta watu wa kumtolea damu. Wakati wa kumzaa mdogo wangu Queen, Mama alizimia. Mimi nilikuwa uani, nikasikia majirani wakimwita jina na yeye haitiki. Sitaki kuisikia tena ile sauti ya kuita. Jumanne hii anarudi kupimwa.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kuhusu pumba. Mahindi yetu huenda mashineni yakiwa kitu kimoja na hurudi yakiwa vitu viwili. Kimoja ni sembe, nyeupe kama chaki. Kingine ni pumba pamoja na viini. Sembe ni yetu, pumba ni za kuku. Mwalimu Suzana, anayetufundisha Baiolojia, alituchorea punje ya mahindi ubaoni na kutuonyesha kwamba sehemu kubwa ya chuma, zinki na magnesiamu imo kwenye kiini na ganda, yaani kwenye kile tunachokiondoa. Nilimweleza Baba mezani. Alinyanyua tonge, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema dona ni chakula cha shule za bweni, na kwamba yeye alisoma ili watoto wake wale ugali wa rangi ile. Simlaumu. Anatupa kilicho cheupe kwa sababu anaamini ndicho kizuri. Nasema tu kwamba katika kila gunia la mahindi, kuku wanapakuliwa kwanza, na sisi tunapewa wanga uliobaki.

2. Kuhusu dagaa. Baba huchagua dagaa wa kuku yeye mwenyewe, mwaloni Igogo kando ya ziwa, na siku nyingine huenda na mimi nimbebee kiroba. Kama unavyojua, kuna dagaa waliokaushwa kwenye vichanja, ambao ni wasafi na wanang'aa, na kuna waliokaushwa chini kwenye mchanga. Watu wengi huwanunulia kuku wale wa mchanga. Baba huwanunulia kuku wake wale wa kichanja, kwa sababu anasema mchanga unadanganya mizani. Mwezi uliopita mama anayetuuzia alimwuliza kama hao ni wa kula nyumbani. Baba akanyooka kidogo, akamjibu:

"Mama, mimi nina familia yangu na nina kuku wangu. Usinichanganyie."

Yule mama akafunga kiroba taratibu, akasema:

"Haya baba. Basi nikupimie na wa mchanga, wa familia?"

Wachuuzi wa pembeni walicheka. Mimi niliangalia ziwa.

Dagaa huliwa mzima, na kichwa na mifupa, ndiyo maana ana kalsiamu ya mifupa na meno, na chuma cha damu, na zinki ya kukua na kuponya vidonda, vyote katika mwili mdogo kuliko kalamu yangu. Nilipomwomba Baba tuwe tunapika hata mara moja kwa wiki, alisema alikula dagaa shuleni miaka yote ya sekondari, asubuhi wakiwa kwenye maharage na jioni maharage yakiwa kwenye dagaa. "Mwanangu," alisema, "dagaa wa ukoo huu nilishawamaliza mimi kabla hujazaliwa." Na alisema kwa upole sana, kama mtu anayetaja mzigo aliotubebea.

Jumapili tunakula sato. Hapo Baba hututolea miiba kwa mkono wake, kipande kwa kipande, ili isitukwame. Kichwa hupewa mgeni. Kama hakuna mgeni hupewa Baba, ambaye kwa utaratibu huo ni mgeni wetu karibu kila Jumapili. Mifupa huanikwa, husagwa, na wewe unajua inakokwenda.

3. Kuhusu kinywaji. Kuku wanakunywa maji safi, kwa agizo lako. Siku moja Queen aliwamwagia chai ya rangi iliyobaki kwenye chombo chao. Baba alitoka ndani na taulo begani, akakisugua chombo kile kwa mchanga, akamwuliza mtoto kama anataka kumwulia kuku. Halafu aliingia ndani, akanawa, akatumiminia chai ile ile kutoka kwenye chupa ile ile, kila mtu kikombe chake, tukashushia ugali. Mwalimu Suzana anasema chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, na ni vizuri kusubiri saa moja au mbili. Mama alikuwa akimezea chai hata vile vidonge vyekundu vya kliniki. Yaani kidonge kinaingia mlangoni na mlinzi wa kukizuia ameingia nacho. Nilimwambia, na sasa anamezea maji, lakini chai ya mezani hawezi kuikataa kwa sababu Baba huimimina mwenyewe na humwekea sukari kabla yetu.

4. Kuhusu chumvi. Kwenye mlango uliandika "chumvi safi", kwa hiyo Baba huwanunulia kuku chumvi ya pakiti, ile yenye madini joto, ambayo darasani tunaiita iodini. Huihifadhi stoo kwenye kopo lenye mfuniko. Chumvi yetu ni ya mawe, hununuliwa ya kupima kutoka kwenye gunia, nayo hukaa wazi pembeni ya jiko. Nimesoma kwamba mtoto aliye tumboni anahitaji madini joto ili ubongo wake ujengeke vizuri, na yakikosekana sana kuna madhara ambayo hayarekebishiki baadaye. Natambua kwamba kuku nao wana ubongo. Nimewaangalia kwa karibu kwa muda mrefu, na kwa moyo safi kabisa nasema kwamba sijaona bado wanaitumia wapi hiyo iodini.

5. Kuhusu udongo. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Utakumbuka mwezi wa pili kuku walianza kudonoa ukuta wa banda. Baba alikupigia simu kabla hajanywa chai. Ulikuja, ukasema mnyama akianza kula ukuta anatafuta madini, ukaongeza chokaa, wakaacha. Baba aliwasimulia watu kanisani habari ile, na namna mwili wa kiumbe ulivyo na akili ya kujua unachokosa.

Sasa, Mama amekuwa akila udongo, ule wa kuokwa unaouzwa sokoni kwa vipande. Wajawazito wengi huku wanakula, na wanasema harufu yake ni kama mvua ya kwanza. Baba alikikuta kipande kwenye mkoba wake. Alikishika kwa vidole viwili.

"Mama Leonsia, mtu mzima unakula ukuta?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Baba Leonsia, kuku wako alipokula ukuta ulimwita mtaalamu. Mimi nimwite nani?"

Baba alikiweka kile kipande mezani, akasema huo ni uchafu na una minyoo, akatoka kwenda kuangalia kuku. Kuhusu minyoo hakukosea. Mwalimu Suzana naye anasema udongo si dawa, na unaweza hata kuzuia chuma kidogo ulichonacho, ila hamu ya kula udongo mara nyingine ni dalili ya upungufu wa damu. Ninachouliza, Ndugu Afisa, ni kwa nini dalili hiyo hiyo ikiwa na mabawa inaitwa akili, na ikiwa na kanga inaitwa uchafu.

6. Kuhusu kusinzia. Kuku akizubaa pembeni na kushusha mabawa, Baba humtenga, humwangalia kile kilemba chekundu kichwani kama kimepauka, na hukupigia simu. Mimi nazubaa kipindi cha Fizikia. Siyo kwa makusudi. Nasikia sauti ya mwalimu ikienda mbali kama redio ya jirani, halafu naona daftari langu lina mstari mmoja mrefu unaoshuka mpaka chini ya ukurasa. Mwalimu Suzana aliniangalia viganja, akasema ubongo unatumia hewa nyingi kuliko ukubwa wake, na hewa hiyo hubebwa na chuma kilichomo kwenye damu, na wasichana wa umri wangu hupoteza damu kila mwezi bila kuifidia. Shule ilipomwandikia Baba kwamba nasinzia, alihitimisha kwamba nina simu niliyoificha. Alipekua godoro. Kuku yeyote wa nyumbani kwetu angekuwa ameshaangaliwa kilemba.

7. Kuhusu mayai. Kuanzia mwezi uliopita kuku wamepunguza kutaga, na ndiyo sababu umeitwa Alhamisi. Baba alianza kwa kuwashuku panya, akaweka mitego. Halafu aliishuku baridi ya ziwa, akaziba madirisha ya banda. Halafu alinishuku mimi, kwamba nawapunja chakula kwa uvivu, na sasa anasimama mlangoni jioni nikipima, akisoma mlango mstari kwa mstari kama anasoma somo la pili kanisani. Nimepima kwa uaminifu. Lakini naomba uzingatie jambo hili: kuku walipopungukiwa kidogo, katika mwezi mmoja tu, nyumba nzima ilihangaika. Mama amepungukiwa tangu mimba ilipoingia, na kilichobadilika ni kwamba tumesali zaidi.

Nimeyatafakari haya yote bila hasira. Baba si mkatili. Baba anatupenda sana, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipo. Kuku, Baba hawapendi. Kwa hiyo kuku wanalishwa kwa kanuni, na sisi tunalishwa kwa mapenzi, na mapenzi ya Baba ni meupe, hayana miiba, na yana sukari.

OMBI LANGU

Kwa sababu hizo naomba niandikishwe kuwa kuku. Sifa zangu ni hizi. Nina afya ya kuridhisha ukiondoa yaliyotajwa. Siogopi sindano. Naweza kusoma mlango wa stoo mwenyewe, jambo ambalo litapunguza kazi ya mfugaji. Najua utauliza kuhusu kutaga. Sitagi, na sitakudanganya kwamba nitajifunza. Lakini jogoo wetu naye hatagi, na anakula kwa kipimo kile kile, na hajawahi kuulizwa. Sihitaji kulala bandani. Nahitaji tu, saa ya chakula, kuhesabiwa upande ule.

Iwapo taratibu zinataka mwombaji awe na manyoya, nipo tayari kuhamishiwa kwa ng'ombe. Jirani yetu Mzee Chenge amewaning'inizia ng'ombe wake jiwe la madini la kulamba. Nililijaribu wakati wenyewe wako machungani. Halina ubaya, ila linakausha ulimi, na ndama mmoja alirudi mapema akanikuta. Kwa hiyo kuku ndio chaguo langu la kwanza.

Naomba pia, kama ofisi inaruhusu, Queen aandikishwe kama kifaranga, kwa kuwa vifaranga wana jedwali lao na Baba hulifuata kwa saa. Na mtoto atakayezaliwa mwezi wa nane aingizwe kama kifaranga wa siku moja, maana nimeona jinsi Baba anavyowapokea: taa, maji safi, na hakuna mtu kupiga kelele. Baba mwenyewe abaki kuwa mfugaji, kwa sababu lazima awepo wa kununua dagaa.

Lakini najua nafasi zinaweza kuwa chache. Kama ipo moja tu, naomba nisiandikishwe mimi. Aandikishwe Mama. Andika jina lake kwenye mlango, chini ya chokaa, kwa ule mwandiko wako, na uandike anachotakiwa kula na kiasi gani. Sina shaka hata kidogo kwamba Baba atakwenda kumpimia siku hiyo hiyo. Tatizo si kwamba hataki. Hajaambiwa na mtu anayemwamini.

Ninamaliza nikiwa na matumaini, kwa sababu hujawahi kumpuuza kuku yeyote nyumbani kwetu, hata yule mwenye jicho moja ambaye kila mtu alisema achinjwe. Tafadhali nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, na yule kijana anayekushikia mkoba wa dawa, na nesi wa kliniki ukipita kule, umwambie maneno yake hayajapotea. Queen anakusalimu. Mzee Chenge anakusalimu, ingawa hajui habari ya jiwe lake na naomba asijue. Kuku wote hawajambo.

Mimi, kuku mtarajiwa,

Leonsia Florian

N.B. Jumanne jioni. Nilikuwa sijaifunga bahasha, na sasa naona ilikuwa bahati.

Mama amerudi kliniki. Damu ni kumi na moja. Nesi alipima mara mbili kwa sababu hakuamini kipimo cha kwanza, akamvuta kope, akasema sasa hapa pana rangi, tukiendelea hivi tutajifungulia hapa hapa. Akamwuliza anakula nini. Mama akasema, chakula cha nyumbani. Baba alifurahi sana. Alisema ni sato wa Jumapili, na kwamba hapo ndipo mtu anapoona faida ya kutoa miiba.

Mimi nilifurahi pia, lakini sikuelewa, kwa sababu sato ni yule yule. Kwa hiyo nilimpa Mama barua hii aisome, anirekebishie Kiswahili kabla sijaileta ofisini kwako. Aliisomea jikoni, amekaa kwenye kigoda. Kwenye habari ya ndama alicheka mpaka akashika tumbo. Alipofika mwisho alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema:

"Mwanangu, hiyo nafasi unayoniombea ilishajazwa. Mimi ni kuku tangu mwezi uliopita."

Halafu akanifungulia sufuria ndogo iliyo nyuma ya kinu. Ndani mlikuwa na dagaa wa kichanja, waliokaangwa wakakauka vizuri. Asubuhi Baba akishaondoka kazini na sisi shuleni, Mama huingia stoo na bakuli. Huchota dagaa. Huchekecha pumba na viini, akapika uji mzito. Hutia chumvi ile ya kopo. Udongo ameuacha, anasema hamu yenyewe iliondoka. Alisema alianza kwa aibu, akala amesimama nyuma ya mlango, lakini siku ya tatu alileta kigoda. Pia alisema ameniwekea na mimi dagaa kwenye mboga wiki mbili hizi, wakiwa wamesagwa, na kama sikuona ni kwa sababu nilikuwa nasinzia.

Ndugu Afisa, utaona kwamba jambo hili linaiharibu barua yangu. Nimelalamika kwamba kuku wanapata kila kitu, kumbe wamekuwa wakipunjwa na mtu niliyekuwa namwombea. Nilitaka kuichana, lakini bila hiyo barua usingeelewa ninachokuomba sasa.

Kwanza, nafuta maombi yangu ya kuandikishwa. Sina tena sababu ya kuwa kuku, kwa kuwa kuku wetu kwa sasa ndio wenye upungufu.

Pili, ukija Alhamisi utapima chakula cha kuku na utajua mara moja kilichopungua, maana wewe hudanganyiki. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usiulize mengi. Ukiona hata unyoya mmoja umeanguka bandani, utakuwa hujakosea ukisema kwamba kuku wengine hupunguza kutaga wanapobadilisha manyoya.

Tatu, naomba ufute kipimo cha zamani cha dagaa na uandike kipya, kikubwa, kwa mwandiko wako, mara mbili ya kile cha kwanza. Baba atanunua kesho yake. Andika pia pumba zichekechwe vizuri, kwani kuna kuku mmoja zinamkwaruza koo. Na kama utaona inafaa, ongeza ndimu, kwa sababu Mwalimu Suzana anasema uchachu husaidia chuma kuingia mwilini. Najua kuku hawali ndimu. Huyu anakula.